Mama wa Mti na Mwendo wa Saa Moja

Jioni moja mwanangu mwenye umri wa miaka tisa alinionyesha karatasi aliyokuwa akiichora. Alikuwa amechora watu wa chuma, wenye macho ya balbu na vifua vya bati, wakiishi chini ya bahari pamoja na samaki wala hawapati kutu. Akaniuliza, "Mama, na sisi huku kwetu tunao watu waliotengenezwa?"

Nilitaka kumjibu kwamba hatunao. Kisha nikawakumbuka Wamakonde.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, jina lake Karl Weule, alipita katika uwanda wa Newala akiandika mila na masimulizi ya wenyeji. Mojawapo ni hili. Hapo kale huko Mahuta, upande unaoelekea mto Ruvuma, palikuwa msitu mtupu. Kutoka humo alitokea mwanamume mmoja, hajapata kuoga wala kunyoa, na kula na kunywa kwake kulikuwa kwa kiasi kidogo. Akachonga sanamu ya mti, akaipeleka makaoni kwake, akaisimamisha wima. Usiku ule sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakateremka wote wawili hadi Ruvuma kuoga.

Angalia hapo, msomaji: kiumbe aliyetengenezwa kwa mkono, na safari yake ya kwanza ni ya majini. Lakini maji hayakumpokea vema. Kule mtoni alijifungua mtoto ambaye tayari alikuwa maiti. Wakahama, wakavuka uwanda hadi bonde la Mbwemkuru. Huko nako mtoto wa pili akazaliwa amekufa. Wakarudi Mahuta, juu, mbali na mito. Mtoto wa tatu akaishi, na wengine wengi wakamfuata, nao ndio mababu wa Wamakonde. Baba yao akawaachia amri. Wafu wazikwe wakiwa wima, kwa kumbukumbu ya mama aliyepata uhai akiwa amesimama. Na nyumba zisijengwe mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwa kuwa ndiko ugonjwa na mauti viliko. Toka nyumbani hadi majini uwe mwendo wa saa moja au zaidi.

Mwendo wa saa moja ni kilomita nne au tano. Ilikuwa mwaka 1897 tu ndipo Ronald Ross, daktari wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi India, alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Na mbu huyo kwa kawaida haendi mbali sana na mazalio yake. Walioitunga amri ya Mahuta hawakuwa na hadubini. Walikuwa wamezika watoto.

Hata hivyo nakiri kwamba amri hiyo inanikera kidogo. Imetolewa na mtu asiyeoga na anayekunywa kidogo! Udongo wa uwanda ule ni wa kichanga. Mvua inyeshapo, maji hupenya chini yakaenda kutokea miguuni mwa mteremko. Ukisimama Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma unaliona chini kabisa. Kwa vizazi vingi akina mama na mabinti waliteremka alfajiri na mitungi, wakapanda nayo kichwani. Saa moja ni ya kwenda. Kurudi, mtungi umejaa na mlima uko mbele, ni habari nyingine.

Si wote walioitii. Pwani, huko Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mlango wa Ruvuma, wapo Wamakonde wavuvi, na watoto wao hujifunza kuogelea mapema.

Kule juu kilichowapatanisha watoto wa mama wa mti na maji ni mashine. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni hadi vijiji vya uwandani, na kuanzia miaka ya 1970 Serikali ya Ufini ilisaidia kueneza maji katika Mtwara na Lindi. Visima vya Mitema, katika bonde la Kitangari, ndivyo vilivyokuwa tegemeo kubwa. Pampu hazina macho ya balbu kama watu wa mwanangu, lakini ikisimama moja kwa kukosa mafuta, umeme au kipuri, ndoo hurudi kichwani, na aghalabu kichwa hicho si cha baba.

Nilimsimulia mwanangu yote haya. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo mtoto wa tatu alipozaliwa kule juu, nani alikwenda kuchota maji ya kumwogesha?"

Masimulizi hayasemi. Nilimwambia kwamba ni mama yake. Akaigeuza karatasi upande wa pili, akamchora mwanamke wa mti, amesimama wima, na kichwani akamwekea mtungi.