Polisi walioambiwa hakuna korona, nani atawauguza akili?

Ndugu msomaji, najua utashangaa. Gazeti hili, lako wewe uliyewahi kuonja rungu la FFU na kulizwa na mabomu yao ya machozi, leo linamtetea polisi! Usilitupe kwanza. Nisome hadi mwisho, kisha uhukumu.

Nianze na kijana mmoja. Tulimaliza naye kidato cha nne. Mimi nikaingia kwenye kuokoteza habari, yeye akaenda depo Moshi na kutoka konstebo. Jina lake silitaji na kituo chake sikitaji, maana ugali wa watoto wake uko pale.

Februari 2021 aliugua. Homa, kifua kubana, pumzi haishuki. Alikuwa akilala chumba kimoja cha kota na askari mwenzake. Alipokwenda kutibiwa aliandikiwa nimonia, akapewa mapumziko ya siku 3, ile karatasi wanayoiita ED. Akapiga nyungu. Siku ya nne akaingia lindo huku anakohoa, kwa sababu hakuna aliyemwambia asiingie. Wiki iliyofuata mwenzake naye akalala kitandani. Huyo hakuamka.

Tangu siku hiyo rafiki yangu anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Halali usiku. Akisikia mtu anakohoa ndani ya difenda, jasho linamtoka. Nami nikitaka kumwambia hakuua, nitamwambia kwa ushahidi gani? Hakupimwa yeye, hakupimwa marehemu. Kipimo kingeweza kumtia hatiani au kumwachia huru. Yeye amebaki mahabusu ndani ya kichwa chake mwenyewe, bila hukumu na bila dhamana.

Hivi tujiulize: nani alimfungia huko?

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Machi 16, 2020. Takwimu za mwisho za mwaka huo zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo, kimya! Mei 3, 2020 hayati Rais Magufuli akalitangazia taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipopelekwa maabara zilionekana zina korona. Juni akatamka kuwa nchi imeushinda ugonjwa. Oktoba 28 tukapiga kura, baada ya miezi ya kampeni za kubanana viwanjani, na polisi wakiwa katikati ya umati huo.

Mwanzoni mwa 2021 watu wakaanza kuzikana tena. Lugha ikawa "changamoto ya upumuaji". Chama cha upinzani, ACT-Wazalendo, ndicho kilichothubutu kuuita ugonjwa kwa jina lake. Mwishoni mwa Januari kilitangaza kuwa Mwenyekiti wake, Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Februari 17 Maalim akafariki, na taifa likamlilia likijua alichokuwa akiugua.

Sasa niambie, msomaji. Kama ilihitaji ujasiri wa chama kizima kutaja maradhi ya mtu mkubwa kiasi hicho, konstebo wa nyota sifuri angemwambia nani? Mkuu wake wa kituo? Polisi ni mtu wa amri. Mwalimu aliweza kunong'ona, mama ntilie aliweza kulalamika sokoni. Polisi akinong'ona anaitwa mtovu wa nidhamu. Hana hata chama cha wafanyakazi cha kumsemea, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemweka kando pamoja na askari wenzake wa majeshi mengine.

Wenzetu walifanyaje? Aprili 2020 polisi wa jiji la Mumbai, India, waliwaambia askari wao wenye umri wa zaidi ya miaka 55 wabaki nyumbani, kwa sababu ugonjwa ulikuwa unawamaliza. Marekani, korona iliua polisi wengi kuliko risasi mwaka 2020, na ikafanya hivyo tena 2021. Lakini walihesabiwa. Agosti 2020 ikapitishwa sheria kwamba polisi aliyekufa kwa korona achukuliwe kuwa amekufa kazini, ili familia yake ipate haki yake. Kwetu, mjane wa askari ana cheti cha kifo tu, na wala hakina jina la ugonjwa aliouona kwa macho yake.

Wapo watakaosema: yamepita, ya nini kufukua makaburi? Nawajibu kwamba homa ilipita, akili ikabaki na kidonda. Aprili 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za watu zaidi ya 236,000 waliougua korona, wengi wao wakiwa Marekani. Kwa kadirio lao, ndani ya miezi 6 mmoja kati ya kila watatu aligundulika kuwa na maradhi ya ubongo au ya akili. Hofu na sonona zilikuwa miongoni mwa yaliyoonekana sana. Hao walikuwa na vipimo na madaktari. Wetu walikuwa na nyungu na amri ya kurudi lindo!

Tena tusisahau kazi yenyewe. Polisi huyu anaokota maiti barabarani, anakata kamba ya aliyejinyonga, kisha jioni anarudi kwenye chumba ambamo kitanda cha pili kimebaki kitupu. Akisema analemewa, wenzake watamcheka kwamba ni wa kupelekwa Mirembe. Akifikia kutaka kujiua na akanusurika, Kanuni ya Adhabu inamngoja, kwani kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Yaani mgonjwa anapewa kesi! Wenzetu wa Kenya Mahakama Kuu yao ilikitengua kifungu kama hicho Januari 2025. Sisi tunasubiri nini?

Utaniuliza: haya yananihusu nini mimi niliyevunjwa mguu na hao hao? Yanakuhusu sana. Mtu asiyelala, mwenye hasira asiyojua aimwagie nani, ndiye anayekabidhiwa SMG na kutumwa kwenye mkutano wako. Sisemi kila askari anayetupiga ni mgonjwa. Wengi wanatupiga kwa kuwa wametumwa, na waliowatuma lazima wajibu. Lakini wakubwa waliomtuma kukupiga ndio wale wale waliomwambia hajaugua. Hawakukuthamini wewe, wala hawakumthamini yeye.

Mwaka 2023 Rais Samia alipokea ripoti ya Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mabadiliko ya polisi yanazungumzwa. Vizuri. Basi yasiwe ya sare na majina tu. Nataka mambo matatu.

Kwanza, Jeshi la Polisi liwahesabu askari wote waliougua na kufa kwa "upumuaji" mwaka 2020 na 2021, na familia zao ziambiwe ukweli na kulipwa kama za waliofia kazini.

Pili, kila mkoa uwe na washauri wa afya ya akili wasio chini ya RPC, ili askari aseme siri yake bila kuiona kesho yake kwenye faili.

Tatu, Bunge lifute kosa la kujaribu kujiua, kwa askari na kwa raia.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Serikali ilificha, kilio kikawa cha wengine. Juzi nilimtembelea yule rafiki yangu. Kitanda cha pili ameletewa askari mgeni, kijana mdogo. Kijana akikohoa usiku, mwenye chumba anatoka nje na kukaa barazani hadi kunapambazuka. Saa 12 asubuhi anavaa magwanda, anachukua bunduki, anaingia kazini.

Naomba kutoa hoja.