Mlango wa maduka ya michezo ya video u wazi, lakini bawabu hajaondoka

MAPEMA Desemba 2025, Santa Ragione, kampuni ndogo ya michezo ya video yenye makao yake mjini Milan, Italia, ilikuwa ikijiandaa kuzindua mchezo wake mpya kwa jina Horses. Steam, duka kubwa kuliko yote ya michezo ya tarakilishi, lilikuwa limeukataa mchezo huo tangu 2023. Kisha, zikiwa zimesalia takriban saa 24 uanze kuuzwa, duka la Epic Games nalo likaiarifu kampuni hiyo kuwa halitaupokea.

Mchezo wenyewe si wa watoto. Ni hadithi ya kutisha iliyokusudiwa watu wazima, na huenda wasomaji wengi wa ukurasa huu wasingependa kuuona nyumbani mwao. Hata hivyo, la kutia wasiwasi ni namna ulivyokataliwa. Watengenezaji walisema walikuwa wamelibadilisha tukio lililozua shaka wakaomba kazi yao ikaguliwe upya, lakini Steam ikashikilia uamuzi wake wa awali. Hakuna mahakama wala bodi huru ya kukata rufaa. Ingawa duka dogo la GOG liliukubali mchezo huo, kampuni hiyo ilikiri kwamba bila mauzo ya Steam ingekuwa vigumu kwake kuendelea kuwepo.

Kisa hiki chafaa kuchunguzwa na vijana wetu wanaokesha mbele ya tarakilishi wakibuni michezo. Tumezoea kuambiwa kuwa intaneti imeufanya ulimwengu kuwa kijiji na kwamba kijana wa Likoni aweza kumuuzia mtu wa Chicago bila kuomba ruhusa ya yeyote. Ruhusa ingali inaombwa. Waliobadilika ni wale wanaoitoa.

Steam ilianzishwa na kampuni ya Valve ya Marekani mnamo Septemba 2003, na ikaanza kuuza michezo ya watengenezaji wengine mwaka wa 2005. Nyakati hizo wafanyakazi wachache wa Valve ndio waliokuwa wakiamua nani aingie. Mtengenezaji asiyejulikana alituma kazi yake, akangoja, na aghalabu jibu lilikuwa la kukataa bila maelezo ya kutosha. Waliobahatika kuingia walifaidi sana, kwa kuwa rafu zilikuwa na bidhaa chache na kila mgeni alionekana.

Mwaka wa 2012 Valve ilijaribu kuutua mzigo huo mabegani mwa wateja. Ilianzisha Greenlight, mfumo ambapo wachezaji walipiga kura kuchagua michezo iliyostahili kuuzwa. Muda mfupi baadaye iliweka ada ya dola 100 ili kuzuia mzaha.

Mfumo huo ulizaa matunda hata barani Afrika. Kampuni ya Free Lives ya Cape Town, Afrika Kusini, iliupitia na mchezo wake Broforce, ambao ulikamilika mwaka wa 2015 na kupendwa kote duniani. Kiro'o Games ya Yaounde, Cameroon, nayo ilichangisha zaidi ya Euro 40,000 kutoka kwa wahisani wa mtandaoni, na mnamo Aprili 2016 mchezo wake wa Aurion, uliosheheni visasili na mavazi ya Kiafrika, ukaanza kuuzwa katika Steam.

Lakini kura ni kura, na sisi Wakenya hatuhitaji kufunzwa yanayoweza kuzizunguka. Baadhi ya watengenezaji waliwaahidi wapiga kura nakala za bure. Wengine waliokoteza picha na programu zilizotengenezwa na watu wengine, wakaziunganisha ovyo na kuziita mchezo. Mnamo Juni 2017 Valve iliizika Greenlight na kuleta utaratibu unaotumika hadi leo: lipa dola 100 kwa kila mchezo (takriban Sh13,000), jaza fomu za benki na za ushuru, ngoja siku 30, kisha mchezo ukaguliwe kwa siku chache. Ukurasa wa kuutangaza sharti uwe wazi kwa umma kwa angalau wiki mbili kabla ya mauzo kuanza. Ada hiyo hurudishwa mchezo ukishaingiza dola 1,000.

Kwa hivyo asiye na jina leo aingia kwa urahisi kuliko wakati wowote. Tatizo ni kwamba kila mtu anaingia. Katika mwaka wa 2024 pekee, zaidi ya michezo 18,000 ilitolewa katika Steam, yaani karibu 50 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anayeamua ni ipi itakayowekwa mbele ya macho ya mteja ni programu ya tarakilishi, nayo huwapendelea waliokwisha kupata wateja. Ndiyo maana watengenezaji wazoefu huufungua ukurasa wao miezi mingi mapema na kuwasihi watu wauweke mchezo katika orodha ya wanayotamani kununua. Kijana anayedhani kazi yake imekwisha siku anayopokea barua ya kukubaliwa hajui kwamba ndipo inapoanza.

Kwa wanaotengeneza michezo ya simu, hali si tofauti sana. Apple hutoza dola 99 kila mwaka, nayo Google dola 25 mara moja tu. Unafuu huo wa Google una masharti: mwenye akaunti ya kibinafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023, sharti apate watu wa kuujaribu mchezo wake kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, na mnamo Desemba 2024 idadi ikapunguzwa hadi 12. Kwa kampuni, hilo ni jambo dogo. Kwa mwanafunzi wa chuo ambaye rafiki zake hununua data ya siku moja moja, kuwapata watu 12 wasiochoka kwa wiki mbili ni kibarua.

Bawabu mwingine alijitokeza mnamo Julai 2025, naye hana duka wala hachezi michezo. Baada ya shirika moja la wanaharakati nchini Australia kuzilalamikia kampuni zinazopitisha malipo ya kadi, Steam iliongeza kanuni inayopiga marufuku maudhui yanayoweza kukiuka masharti ya kampuni hizo na ya benki. Itch.io, duka ambalo tangu 2013 limekuwa kimbilio la watengenezaji wadogo kwa vile halitozi ada ya kuingia na humwachia muuzaji aamue atakacholigawia, liliiondoa michezo yote ya watu wazima katika matokeo ya utafutaji.

Wapo watakaosema uchafu umefagiliwa, na kuna michezo ambayo hata mimi siwezi kuitetea. Lakini ufagio huo ulikuwa mpana mno. Ulizoa pia kazi zinazozungumzia maisha ya watu wazima bila nia ya kuchochea ashiki, na wenyewe hawakupewa notisi. Ikiwa mwenye kadi ya malipo aweza kuamua kilichomo dukani kwa suala hili, ni kipi kitakachomzuia kesho kwa suala la siasa? Kumbukeni kwamba mnamo Septemba 2011 Apple iliuondoa Phone Story, mchezo uliokejeli jinsi simu zinavyotengenezwa, ikiwemo uchimbaji wa madini nchini Congo.

Tuseme sasa Mkenya amevuka vizingiti hivi vyote. Mchezo wake umekubaliwa na mteja wa Marekani ameununua kwa dola 10. Steam huchukua asilimia 30, kwa hivyo zabaki dola saba. Kabla ya pesa hizo kusafiri, sheria za Marekani huagiza asilimia 30 ya kile kinachotokana na wanunuzi wa huko ikatwe kama ushuru wa mrabaha, ikiwa muuzaji anatoka katika nchi isiyo na mkataba wa ushuru na Marekani. Kenya haina mkataba huo. Hizo ni dola 2.10 zaidi. Mwenye jasho lake hubaki na dola 4.90, na bado hajalipa benki wala kukutana na Mamlaka ya Ushuru (KRA).

Mwenzake wa Cape Town hakatwi ushuru huo wa Marekani kwa sababu nchi yake ilitia saini mkataba kama huo katika miaka ya tisini. Wote wawili wamelipa dola 100 zile zile na kukaguliwa kwa kanuni zile zile. Tofauti yao haikuletwa na kipaji wala na Valve.

Serikali imejenga vituo vya intaneti na kuwahimiza vijana wajiajiri mtandaoni, na kwa hilo yastahili pongezi. Lakini tangu mazungumzo ya kibiashara na Marekani yaanze mwaka wa 2020, yanayosikika ni nguo, chai na maua. Mtengenezaji wa michezo aweza kuuza kwa pamoja katika Steam, GOG na Itch.io ili asitegemee huruma ya duka moja, na aweza kuanza kuwatafuta wateja mwaka mzima kabla ya kuuza. Kujadili mkataba wa ushuru hawezi. Hiyo ni kazi ya Wizara ya Fedha, na hadi sasa hatujasikia imepangiwa tarehe.