Fungate Uskoti: Tutazame ya Wenzetu, Tusitupe Yetu



Kila msimu wa harusi tunaulizwa: biharusi wa Kiislamu akisafiri na mumewe Ulaya, anaweza kwenda kwenye matamasha ya utamaduni ya huko, au abaki hotelini na madukani? Safari hii tumeulizwa kuhusu Uskoti. Jibu letu ni ndiyo, aende, ila achague.

Sisi si mashekhe, na mwenye shaka amuulize shekhe wake. Lakini tunakumbuka Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim: Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini siku ya Idi, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake ili atazame mpaka atosheke. Mke kutazama michezo ya watu pamoja na mumewe, kwa sitara, si jambo geni kwetu.

Kule Uskoti yapo ya kutazama. Michezo ya Nyanda za Juu huchezwa viwanjani mchana, majira ya joto. Mkutano mashuhuri ni wa Braemar, Jumamosi ya kwanza ya Septemba, ambao Malkia Victoria alianza kuuhudhuria mwaka 1848. Utaona mtu anainua gogo la mita sita hivi na kulirusha lipinduke. Anayeshinda si aliyelifikisha mbali, ni yule ambaye gogo lake limeanguka likanyooka sawasawa mbele yake. Utasikia zumari za mfuko, na utawaona wanaume wamevaa sketi za mirabaraba bila ya haya yoyote.

Nguo hiyo ina kisa. Mwaka 1746, baada ya uasi kuzimwa, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku wanaume wa Nyanda za Juu kuivaa, na marufuku ikadumu hadi 1782. Leo ndiyo vazi la bwana harusi. Hata Waislamu wa Uskoti wana mirabaraba yao, iliyobuniwa mwaka 2012: buluu ya bendera ya Uskoti, kijani cha Uislamu, mistari mitano myeupe kwa nguzo za Uislamu na sita ya dhahabu kwa nguzo za imani. Wamekuwa Waskoti na dini yao haikupungua.

Tuliposema achague, tulikusudia haya. Viwanja vingi vina hema la pombe, basi kaeni mbali nalo. Ngoma za usiku za wanaume na wanawake kushikana mikono, ziacheni. Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyochanganywa na oti. Ipo ya halali, lakini uliza kwanza kondoo kachinjwa vipi na mchuzi umetiwa nini, maana wengine hutia wiski. Adhuhuri na Alasiri zitakukuta kiwanjani, basi chukua mswala na utumie ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya. Majira ya joto jua huchelewa sana kuzama, kwa hiyo angalia nyakati za swala za mji uliopo.

Na mkipata nafasi, vukeni hadi visiwani, Lewis na Harris. Huko sisi watu wa visiwa tuna la kujifunza. Sheria ya mwaka 1993 inasema kitambaa cha Harris Tweed lazima kifumwe kwa mkono, na wenyeji, majumbani mwao, humo humo visiwani. Zamani wanawake walikaa kuizunguka meza wakakipigapiga kitambaa huku wakiimba, na nyimbo hizo zingali zinaimbwa. Mjini Stornoway pana msikiti uliofunguliwa mwaka 2018.

Sasa tujitazame. Kanga zetu nyingi zinachapishwa India. Kisutu, kanga ya biharusi, wako mabiharusi wasioijua hata kwa jina. Singo inanunuliwa ya pakiti wakati bibi anayejua kuitwanga yupo nyumbani, na somo anaitwa siku mbili kabla ya harusi kama mgeni mwalikwa. Hakuna Bunge lililotukataza haya. Tunayaacha wenyewe, tukiona ya kizamani, halafu tunalipa nauli kubwa kwenda kushangaa wenzetu walivyoyatunza ya kwao.

Kwa hiyo shoga, kabla ya kukata tiketi kaa na bibi yako jioni moja akufundishe singo na akwambie kisutu huvaliwa lini na vipi. Kisha kitie kisutu chenyewe kwenye sanduku. Waskoti wakikuonyesha mirabaraba yao na kukuuliza nawe kwenu mnavaa nini, uwe na cha kuwaonyesha na cha kuwaeleza.

Allah awajaalie safari njema na ndoa zenye mapenzi na huruma. Amin.