Kadhi wa Visanduku Kumi na Viwili

Wako wenzetu, tena wasomi, wanaotwambia kwamba ubishi juu ya muziki umekwisha, kwa kuwa kompyuta imekuja kuwa kadhi. Ipe wimbo, nayo itakutajia mafungu ya sauti zipatanazo na jinsi yanavyofuatana. Wimbo ukiikataa hesabu hiyo, hukumu hutoka papo hapo: mwimbaji amepotoka. Sisi twaikataa hukumu hiyo.

Tuitazame kazi ya kadhi huyu. Mwaka 1999 Takashi Fujishima alieleza njia ambayo wengi wameifuata. Nguvu ya sauti zote zilizosikika hugawanywa katika visanduku 12, kwa idadi ya sauti za kinanda cha Kizungu. Kisha visanduku hivyo hulinganishwa na vielelezo vya mafungu yanayojulikana, na kielelezo kilicho karibu zaidi ndicho kinachotajwa. Hesabu ni safi. Lakini visanduku ni vya nani?

Twende Ugogo. Waya wa zeze ukitikisika hautoi sauti moja tu. Ndani yake mna sauti nyembamba zenye mitikisiko mara mbili, mara tatu, hata mara saba na zaidi ya ile ya msingi. Gerhard Kubik wa Austria ameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya ngazi hiyo ya maumbile. Basi na tupime. Kwa kipimo alichokieneza Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885, toka sauti moja hadi mwenziwe wa juu ni senti 1,200, na kila hatua ya kinanda ni senti 100. Sauti ya saba huangukia senti 969. Kisanduku kilicho karibu ni cha senti 1,000. Zimepunjwa senti 31, karibu theluthi ya hatua nzima. Hapo kompyuta haikugundua kosa la Mgogo, bali imelitunga.

Hatuilaumu mashine. Wapo wahandisi waliokwisha kuongeza visanduku hadi 36 na zaidi. Kwa hiyo udhuru hakuna. Lawama ni yetu sisi tunaoazima pishi ya jirani kupimia kitambaa, kisha tukakiita kitambaa kibovu.

Hukwe Zawose alifariki mwaka 2003, na sauti yake imebaki katika kanda na sahani. Tukiziacha programu hizi zituandikie maelezo ya hazina hiyo, mtoto wa kesho atafundishwa kwamba mzee yule hakujua kuimba, naye atamsahihisha. Hatuna budi kwenda kwanza kwa wazee wa zeze na marimba, tupime walivyozitia sawa ala zao, ndipo tuiamuru kompyuta ihesabu. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa masikio ni mzito kuliko wa minyororo, maana mwenyewe hausikii.