Mwacheni Apate Sifuri Yake

Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalipobandikwa, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa na daraja sifuri. Nchi ikawaka. Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume, na ilipofika Mei Serikali ikafuta matokeo yale, ikaamuru yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Waliofaulu wakapanda kutoka asilimia 34 na ushee hadi 43. Hakuna mtahiniwa aliyeitwa kujibu hata swali moja zaidi. Wapo waliolala wamefeli, wakaamka wamefaulu.

Hoja ya utetezi naijua: namna ya kupanga alama ilibadilishwa bila shule kuandaliwa. Haya, kwa hilo watoto walionewa. Lakini wizara ilikuwa na udhuru gani, Oktoba ya mwaka huohuo, ilipotangaza kwamba daraja sifuri linafutwa na mahali pake linakuja daraja la tano? Mpaka watu wapige kelele ndipo sifuri irudi! Wengi walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wizara ilikuwa inafanya hadharani yale tunayoyafanya majumbani kila siku.

Nasema tunayoyafanya sisi wenye nafasi kidogo. Mtoto anayeuza mayai ya kuchemsha kituo cha daladala saa mbili usiku hana haja na makala hii. Akipoteza chenji anajua atakula nini, au hatakula. Nasema na wewe unayelipa ada ya mamilioni halafu unakesha kumchorea ramani ya Afrika mtoto wa darasa la tano, mwenyewe anakoroma. Nasema na mama anayegeuza gari katikati ya foleni ya Mwenge kufuata daftari lililosahauliwa mezani. Na baba anayempigia mwalimu wa taaluma kuhoji kwa nini mwanawe kapewa 38, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa simu mbovu. Na nyinyi mnaochangishana hela kwenye kundi la WhatsApp ili karatasi ya mtihani iwafikie watoto kabla ya siku yake. Mnajuana. Hapo hamjasaidia masomo. Mmemfundisha mtoto wizi, na ada ya somo hilo mmelipa wenyewe.

Mkiulizwa mnaita huruma. Mimi naiita aibu yenu. Mnaogopa swali la msibani na harusini: "Wa kwako kapata ngapi?" Sifuri ya mtoto mnaisoma kama imeandikwa kwa jina lenu, ndiyo maana mnaifuta haraka hivyo. Yeye angeilia siku mbili tatu, akainuka.

Wapo watakaonirukia: mimi wangu simdekezi, namchapa. Ehee! Hapo ndipo tulipopotea zaidi. Mtoto kavunja kioo cha dirisha la jirani kwa mpira. Anachapwa viboko vitano, analia, anafuta kamasi, baba anatoa hela ya kioo. Yamekwisha. Mtoto amejua kwamba kosa bei yake ni dakika mbili za maumivu na kwamba hela hutoka kwa mtu mwingine. Hakuna njia fupi kuliko fimbo ya kumwepusha mtoto na alichokifanya. Kazi ngumu ni kumtuma mwenyewe, bila mama nyuma yake, akabishe hodi, aseme, "Shikamoo mzee, kioo nimevunja mimi." Kisha aende kwa fundi akaulize bei. Kisha hela yake ya matumizi ikatwe, wiki baada ya wiki, mpaka deni liishe. Hapo huchapi, hufoki, hulipi. Unakaa sebuleni roho inakuuma. Wachapaji hodari ninaowafahamu, hata mmoja hana ubavu wa kukaa hivyo.

Halafu huyo tuliyemfutia kila kitu anafika kazini. Bosi anamrudishia ripoti ya kwanza imejaa wino mwekundu. Kesho yake haonekani, na anayepiga simu kusema anaumwa ni mama yake. Mtu wa miaka 25! Tunalaumu vijana wa siku hizi, eti laini. Laini wamefanywa na nani?

Matokeo mengine yatatoka, na wapo watakaofeli. Wa kwenu akiwa mmojawao, msimtafutie mkubwa wa kumpigia simu. Msimkimbizie chuo kisichouliza cheti. Mpikieni chakula anachokipenda, msimsimange kwa mtoto wa shangazi yake, mwacheni alie. Akimaliza, aende mwenyewe kituo cha kurisiti, aulize ada, ataje kwa mdomo wake masomo aliyofeli, ajaze fomu. Akichelewa na usajili ukafungwa, asubiri mwaka mwingine. Nawe, baba, simu iache mfukoni.