Baiskeli Yangu Haina Hatia

Tangu nivunjike mguu, kila anayekuja kunijulia hali hapa Majengo ananiachia pole pamoja na hukumu: utafiti wa baiskeli ni ujinga, tafuta gari. Pole naipokea. Hukumu naikataa.

Lori ndilo lililonibana mpaka nikaangukia mtaroni. Dereva akashuka na kuniuliza, "Kijana, na baiskeli barabarani unatafuta nini?" Swali hilohilo sasa naulizwa na wanaonipenda. Jana mama mkubwa aliniletea uji, akasema, "Mwanangu, wewe msomi, baiskeli waachie wakulima." Kumbe mifupa ya wakulima ni ya chuma! Mpanda hii baiskeli ndiyo inayobeba mkaa, mahindi, madumu ya maji, hata mgonjwa wa zahanati. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikumfukuza mwenye baiskeli barabarani. Tunamfukuza sisi, kwa midomo yetu na kwa kuchora barabara zisizo na nafasi yake. Wala si kwamba kuchora kumetushinda: mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, pembeni ya njia yao kulikuwa na njia ya baiskeli.

Safari yangu ni ya Karema, zaidi ya kilomita 100 hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kumtafuta Adrien Atiman. Alizaliwa nchi ambayo leo ni Mali, akachukuliwa utumwani akiwa mtoto, akasomea utabibu Malta, kisha akawatibu watu wa Karema tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Wamisionari wameshaandika habari zake. Mimi nawataka wajukuu wa wale aliowatibu, na hao huwapati kwa kushusha kioo cha gari. Ukifika na gari unapewa kiti, unajibiwa kwa adabu, halafu unaulizwa mradi unaanza lini. (Na posho je?) Ukifika na pancha unaazimwa pampu, na gundi ikiwa inakauka mzee anaanza kusimulia bila kuulizwa.

Hogo litatolewa baada ya wiki tatu, kisha mazoezi ya goti. Ratiba nimeibadilisha: badala ya siku mbili, siku sita, nikilala kwa wenyeji. Fundi ameshanyoosha rimu. Spoki 11 zilikatika, na anadai pesa ya tairi la nyuma.