Kabla Msimbo Haujaandikwa: Usanifu wa Mifumo ya Afya ni Uamuzi wa Kitabibu

Mjamzito anayeanza kliniki katika zahanati ya kijiji cha Bonde la Kiru, akagundulika kuwa na shinikizo la juu la damu katika kituo cha afya, akapewa rufaa hadi Babati mjini na hatimaye akasafirishwa zaidi ya kilomita 200 hadi hospitali ya kanda mjini Moshi, ni mtu mmoja mwenye ujauzito mmoja. Katika kumbukumbu zetu anaweza kuwa watu wanne. Ana namba ya zahanati, namba ya kituo, namba ya hospitali ya mkoa na namba ya hospitali ya kanda. Na ikiwa anaishi na VVU, ana namba ya tano ya kliniki ya tiba na matunzo. Kinachowaunganisha watu hao wote ni kadi ya kliniki aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Kadi hiyo ikilowa au ikisahaulika nyumbani, daktari anayempokea usiku huanza upya: hajui shinikizo lilikuwa kiasi gani wiki iliyopita, wala ni dawa gani mama huyo amekwisha kupewa kabla ya kupakiwa kwenye gari la wagonjwa.

Tumezoea kulieleza tatizo hili kuwa ni uhaba wa kompyuta, umeme na wataalamu wa TEHAMA. Uhaba huo upo, lakini unapungua mwaka hadi mwaka, na mama wetu bado ni watu wanne. Hoja ya makala haya ni kwamba chanzo kimojawapo kikubwa kimo katika usanifu wa mifumo yenyewe, na kwamba usanifu huo ni uamuzi wa kitabibu ambao sisi wahudumu wa afya tumewaachia wengine wautoe peke yao.

Usanifu wa mfumo ni yale maamuzi ambayo yakishafanywa ni ghali kuyabadilisha. Katika jengo la hospitali, rangi ya ukuta hubadilishwa kwa siku moja, ilhali mahali pa chumba cha upasuaji na njia za mabomba ya oksijeni hazihamishiki bila kubomoa. Programu za kompyuta nazo ndivyo zilivyo. Mpangilio wa vitufe kwenye skrini ni rangi. Namna mfumo unavyomtambua mgonjwa, mahali unapohifadhi taarifa zake na jinsi unavyozungumza na mifumo mingine ni mabomba. Wahudumu huitwa kutoa maoni kuhusu rangi, siku ya mafunzo, mabomba yakiwa tayari yamefukiwa.

Si haki kusema kwamba nchi yetu haijafanya kitu. Vitabu vya MTUHA vimetufundisha nidhamu ya takwimu tangu miaka ya 1990. DHIS2, mfumo uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na washirika wake katika nchi nyingi, ulienea Tanzania Bara yote kufikia mwaka 2013, na kwa sababu hiyo mganga mkuu wa wilaya anaweza leo kujua ni wanawake wangapi walijifungulia vituoni mwezi uliopita. Katika hospitali za umma umeenea mfumo wa GoTHOMIS. Hata hivyo, kuhesabu wagonjwa na kumfuata mgonjwa ni kazi mbili tofauti. Takwimu za jumla hazihitaji kujua kwamba mama wa Jumatatu ndiye mama wa Ijumaa. Tiba inahitaji kujua hilo kabla ya jambo lingine lolote. Mfumo uliosanifiwa kwa ajili ya kazi ya kwanza hauwi wa kazi ya pili kwa sababu tu tumeuongezea skrini.

Kwa hiyo napendekeza maswali matatu ambayo kila mhudumu anapaswa kuyauliza kabla msimbo wa mfumo wowote wa afya haujaandikwa.

Swali la kwanza ni hili: mfumo unamtambuaje mtu? Msanifu aliye mbali hudhani jibu ni rahisi, yaani jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Hapa Manyara, jina la Kiiraqw kama Qwaray laweza kuandikwa Kwaray au Qwarai, kutegemea sikio la karani wa mapokezi. Wazee wengi hawaijui tarehe yao ya kuzaliwa, na karani akilazimishwa na mfumo kujaza, huandika Januari 1. Simu hutumiwa na familia nzima. Namba ya kitambulisho cha taifa ni ya watu wazima; mtoto mchanga hana hata jina. Na zipo siku ambazo vyote hivyo hupotea kwa pamoja. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliposomba makazi ya Katesh, majeruhi walipelekwa katika hospitali zaidi ya moja, ikiwamo ya Babati. Mtu aliyesombewa nyumba habebi kadi.

Usanifu unaofaa hautegemei utambulisho mmoja uwe ufunguo wa mlango. Humpa kila mtu namba ya kudumu ya mfumo, kisha ukaambatisha vitambulisho vyote alivyonavyo, viwe vingi au vichache. Humruhusu mhudumu kuunganisha kumbukumbu mbili zinazobainika kuwa za mtu mmoja na, jambo linalosahaulika zaidi, kuzitenganisha tena ikibainika zilikuwa za watu wawili. Kuunganisha kimakosa ni hatari kuliko kutounganisha: kundi la damu la mtu mmoja likiingia katika faili la mwingine, kompyuta itakuwa imetuandalia ajali.

Swali la pili: mtandao ukikatika, mfumo unafanya nini? Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, na intaneti ikadorora nchini Tanzania na kwa majirani zetu. Katika zahanati za vijijini hakuna haja ya kungoja waya wa baharini ukatike. Mvua moja na umeme uliozimika vinatosha. Mfumo ambao seva yake iko mbali na hauwezi kuandika chochote bila mawasiliano humrudisha muuguzi kwenye daftari, na mtandao ukirudi humtaka anakili daftari lote. Matokeo yake ni kazi maradufu, na taarifa zinazoingizwa saa nane za usiku na mtu aliyechoka.

Jibu la kiufundi linajulikana: taarifa ziandikwe kwanza kwenye kifaa kilichopo kituoni, kisha zisafiri mawasiliano yakipatikana. Lakini ndani ya jibu hilo umejificha uamuzi wa kitabibu. Ikiwa zahanati na hospitali zote mbili zimeandika habari za mgonjwa yuleyule wakati mtandao haupo, maandishi yapi yabaki? Kanuni iliyo rahisi kwa mwandishi wa programu ni kwamba maandishi ya mwisho yafute ya mwanzo. Kwa anwani ya mgonjwa, kanuni hiyo haina neno. Kwa mzio wa penisilini, inaweza kuua: aliyeandika mwisho kwamba hakuna mzio huenda hakuuliza. Mzio usifutwe na kimya. Vipimo vya shinikizo la damu vipangwe kwa saa zake, kila kimoja kikibaki. Dawa zinazogongana zionyeshwe zote, na mtu aamue. Mhandisi hawezi kuyajua haya kwa kukisia, na hatujampa mtu wa kumuuliza.

Swali la tatu: tiba ikibadilika, mfumo utabadilika kwa gharama gani? Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito aonwe na wahudumu mara nane, badala ya mahudhurio manne ya awali. Kwa mkunga, hayo ni mabadiliko ya ratiba. Kwa mfumo uliojengwa na nafasi nne za mahudhurio, na ripoti zilizoegemea nafasi hizo nne, ni kuvunja msingi. Mwaka 1972 mwanasayansi wa kompyuta David Parnas alieleza kanuni ambayo bado ni hekima: gawa mfumo katika sehemu, na kila uamuzi unaotarajiwa kubadilika ufungie ndani ya sehemu moja, ili ukibadilika usizitikise nyingine. Nani anajua kinachotarajiwa kubadilika katika tiba? Anajua yule ambaye mwongozo wake wa matibabu umebadilika mara kadhaa tangu alipohitimu.

Mfano mzuri wa somo hili uko jirani. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret nchini Kenya, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha kumbukumbu za kielektroniki kwa kutumia hifadhidata ya Microsoft Access. Mfumo ule mdogo ulitimiza kusudi lake. Huduma za VVU zilipopanuka, wagonjwa wakaongezeka na maswali mapya yakazaliwa kila mara, ikadhihirika kwamba kuutia viraka hakutoshi. Mwaka 2004 kazi ya kuusanifu upya ikazaa OpenMRS. Kiini chake ni kamusi ya dhana: kila swali la kitabibu na kila jibu ni neno katika kamusi, badala ya kuwa safu ya kudumu katika jedwali. Daktari akitaka kurekodi jambo jipya, huongezwa neno, jedwali halibomolewi. Mfumo huo umetumika katika nchi nyingi, na wazo lake lilichipuka kutokana na mahitaji ya wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Kwa nini basi tunaendelea kupata mifumo isiyosikilizana? Mwaka 1968 Melvin Conway alitoa hoja kwamba taasisi inayosanifu mfumo hutoa mfumo unaofanana na mawasiliano yake yenyewe. Hebu tujitazame. Mpango wa VVU una mfadhili wake, kifua kikuu wake, chanjo wake. Kila mmoja una bajeti, fomu na tarehe yake ya kuripoti. Mifumo iliyozaliwa humo imegawanyika kama fedha zilivyogawanyika, na muuguzi mmoja wa zahanati ndiye anayelipa kwa mkono wake, akimwandika mama yuleyule mara kadhaa. Uganda ilikabiliana na hali hiyo kwa ujasiri: Januari 2012 Wizara yake ya Afya ilisimamisha miradi mipya ya afya ya kidijiti hadi iratibiwe, kwa kuwa majaribio yalikuwa yameongezeka bila mwisho wala mshikamano.

Wapo watakaosema dawa ni mfumo mmoja mkubwa wa taifa, ufanye kila kitu. Naelewa mvuto wake, lakini sikubaliani. Mfumo mmoja wa kila kitu ukianguka, kila kitu huanguka nao, na badiliko dogo la kliniki ya watoto hulazimika kusubiri foleni ya idara zote. Tunachohitaji kiwe kimoja ni lugha ya kubadilishana taarifa, pamoja na utambulisho wa mtu na wa kituo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imetupa msingi wa kudai hilo kwa mifumo ya umma.

Wengine watahofia siri za wagonjwa, na hofu yao ni ya haki, hasa katika mji kama Babati ambako anayeketi mapokezi huenda ni jirani au shemeji wa mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatubana sote. Lakini siri hailindwi kwa kuzitawanya kumbukumbu ovyo. Hulindwa kwa usanifu unaoamua nani aone nini, na unaoandika jina la kila aliyefungua faili.

Hatua za kuchukua si za ajabu. Hadidu za rejea za kila mradi zidai majibu ya maandishi kwa maswali haya matatu kabla ya malipo ya kwanza. Kabla mfumo haujapokelewa, timu ya afya ya halmashauri iuchukue hadi zahanati, ichomoe waya wa mtandao mbele ya mzabuni, na ione kinachotokea. Muuguzi na tabibu wa ngazi ya chini wawe wajumbe wa timu ya usanifu wenye kura, na muda wao uhesabiwe kuwa kazi. Kila uamuzi mkubwa wa usanifu uandikwe pamoja na sababu zake, na waraka huo ubaki mikononi mwa umma mradi unapokwisha na wahandisi wanapoondoka. Nasi katika vyuo vikuu vya tiba tuwafundishe wanafunzi kusoma mchoro wa mfumo kama tunavyowafundisha kusoma picha ya eksirei: si lazima wajue kuitengeneza mashine, ila wajue kilichovunjika.

Jambo hili lina muda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatutaka kumtambua kila mwananchi na kila huduma aliyopewa, na mabomba yatakayofukiwa sasa kwa ajili hiyo yatadumu kwa miongo. Yakisanifiwa na wahasibu na wahandisi peke yao, mfumo utajua kwa usahihi ni shilingi ngapi zililipwa kwa ajili ya yule mama wa Bonde la Kiru. Shinikizo lake la damu wiki iliyopita, ambalo ndilo daktari wa zamu ya usiku anahitaji kulijua, litabaki kwenye pindo la kanga.